Ajali Inamsubiri Mgeni Rasmi

Mtaani kwetu mtu akipata ajali ya gari, hata kabla hajajipapasa kuona kama viungo vyote vipo, huniulizia mimi. Bi Saumu yuko wapi, aje atuambie tufanyeje. Mimi si wakili, si trafiki, na watu wa bima hawanijui isipokuwa kwa ubaya. Mimi ni mshona mapazia. Lakini nimepata ajali iliyofuata taratibu zote za nchi tangu mwanzo mpaka mwisho, na watu wa namna hiyo ni wachache, kwa sababu wengine wote bado wako barabarani wanasubiri.

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwa kuogopa, maana kwetu hakuna anayeogopa. Kuogopa kulipigwa marufuku mwaka juzi na sote tumetii. Siitaji kwa sababu nchi yetu haina makuu, haipendi kusifiwa mbele za watu.

Zamani kwetu ajali ilikuwa ajali tu, kama zilivyo ajali za nchi zisizoendelea. Mtu anamgonga mwenzake, wote wanashuka, wanatukanana kwa kiasi, anakuja trafiki na futi yake na kipande cha chaki, anapima, anakuna kichwa, watu wanarudi makwao. Hovyo kabisa. Halafu wakubwa wetu wakaenda kwenye mkutano wa mataifa, na huko wakasomewa hadharani kwamba sisi ndio wa kwanza kwa kugongana. Inasemekana Waziri alilia kwenye ndege. Aliporudi akauliza swali ambalo hakuna kichwa kingine kilichowahi kulifikiria. Ajali zote hizi, aliuliza, nani amezizindua?

Watu wakatazamana. Ni kweli bwana. Kwetu kila kitu huzinduliwa. Shule haiwi shule mpaka mgeni rasmi akate utepe, hata kama watoto wameshamaliza darasa la saba ndani yake. Kisima kitatoa maji mwaka mzima na maji yale yasihesabiwe kuwa maji, mpaka mheshimiwa aje afungue bomba mbele ya kamera. Choo cha soko letu kilikaa na kufuli tangu mvua mpaka mvua kikisubiri mgeni rasmi, na alipofika alikizindua kwa vitendo, tukampigia makofi nje. Sasa iweje ajali, jambo zito kama hilo, lijitokee lenyewe bila mgeni rasmi, bila risala, bila hata ngoma?

Bunge likapitisha sheria siku hiyo hiyo. Magari yakigusana, hilo litaitwa tukio linalodaiwa, na halitakuwa ajali mpaka kiongozi alizindue. Kabla ya hapo kitu kisisogezwe, mtu asiondoke, na neno ajali lisitamkwe, maana anayelitamka anaeneza uzushi na uzushi una kifungo. Sheria ilifanya kazi papo hapo. Waheshimiwa wana shughuli nyingi, hawawezi kufika kila kona, na mwaka uleule ajali zikapungua mpaka tukapewa kombe. Kombe liko makumbusho, ndani ya sanduku, linasubiri kuzinduliwa.

*

Siku yenyewe nilikuwa nampeleka Mbaruku akaoe.

Mbaruku ni mtoto wa marehemu kaka yangu, fundi baiskeli, kijana mpole ambaye ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Alimpenda Tabia tangu siku msichana yule alipompelekea baiskeli kuziba pancha. Alimzibia vizuri, lakini pancha ikarudi, na ikarudi tena, mpaka ule mpira ukawa na viraka vingi kuliko mpira wenyewe. Mimi ndiye niliyemwambia, mwanangu, baiskeli ile haiumwi, nenda ukapose.

Tatizo lilikuwa baba mtu. Mzee Feruzi alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni, na maisha yake yote aliyatumia kuwakamata watu wanaodanganya kwa gramu. Alipostaafu hakuacha. Mchumba wa kwanza wa Tabia alipigiwa simu siku ya ndoa, akajibu yuko njiani, anakata kona, anaingia. Mzee akasikia maji ya kuoga yanamwagika kwenye simu. Akafunga geti, na yule kijana na ukoo wake wakala ule wali wa harusi kwa harufu tu, kutoka nje.

Alipokuja kuposa Mbaruku, mzee alimtazama muda mrefu, halafu akasema maneno machache. "Kuchelewa nitasamehe, ila Magharibi ikiadhiniwa kadhi anasafiri na mimi nafunga geti, na Tabia atakwenda kukaa kwa shangazi yake bara. Uongo sisamehe kabisa, hata mdogo." Mbaruku akaitikia naam.

Kwa hiyo siku ile tulitoka mapema, adhuhuri imeswaliwa tu. Mbaruku amevaa kanzu na joho, ananukia udi, mimi niko kwenye usukani wa kigari changu. Tulipokaribia kipilefti cha Mnara wa Maendeleo nikaona kofia yake imekaa upande, kama ya mtu anayekwenda kucheza bao. Nikanyoosha mkono kumwekea sawa. Mbele yetu kulikuwa na lori dogo la viti vya kukodisha na maturubai, nalo likasimama.

Sisemi kosa lilikuwa la nani. Na hilo ndilo jambo la kwanza ninalowafundisha watu: baada ya ajali usiseme kosa la nani, hasa kama unalijua. Nasema tu kwamba lori lile lilikuwa limesimama mahali ambapo gari langu lilikuwa linakwenda.

Kilipasuka bampa na taa moja. Viti vyeupe vya plastiki vikamwagika barabarani, vingine vikabiringika mpaka mtaroni. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Dereva wa lori, mtu mzima mnene aitwaye Sudi, akashuka na taulo lake shingoni, akatazama, akacheka, akasema afadhali viti kuliko vichwa. Nikampenda palepale. Nikaokota kiti, yeye akaokota kiti, Mbaruku naye akafungua mlango akatoa mguu mmoja nje aje kutusaidia. Tungemaliza mara moja na kila mtu angekwenda zake.

Filimbi ikalia.

*

Sajini Mgeta ni mtu ambaye sheria imemwingia mwilini. Hana roho mbaya hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia uchungu, maana mtu mwenye roho mbaya unaweza kumhonga. Alikuja anakimbia, ameshika chaki, anatuomba kwa adabu kila mtu abaki na mkao wake. Mkao wa tukio, alisema, ndio ushahidi wenyewe, na mgeni rasmi atataka kuukuta kama ulivyokuwa.

Mbaruku alikutwa mguu mmoja ndani na mmoja nje. Sajini akapiga magoti akakizungushia kiatu kile chaki, taratibu, asichafue kanzu. Sudi alikutwa ameinama, ikabidi aombe ruhusa ya kuinama akiwa amekaa. Mimi alinikuta nimeshika kiti juu. Akauliza kama nilikuwa nakiinua au nakishusha. Nikamwambia nilikuwa nakikalia, akakosa ushahidi wa kunipinga, nikakaa.

Mbaruku akamweleza kwa sauti ya chini kwamba yeye anaoa leo.

"Hongera sana," Sajini akamwambia, akampa mkono. "Usitikise mguu."

Akapiga simu ya upepo kwa wakubwa, akaripoti kuwa kuna tukio linalodaiwa, lina washiriki watatu, wote wachangamfu. Nikamuuliza washiriki ni nani. Akasema ni sisi. Zamani mliitwa majeruhi, alisema, ila wizara iliona neno lile linakatisha tamaa.

Simu yangu ikaita hapo hapo. Mzee Feruzi.

Jamani, sijawahi kuona simu nzito namna ile. Niseme ajali, Sajini huyo amesimama ubavuni na pingu zake zinang'aa. Niseme uongo, mzee atanusa. Akaniuliza mko wapi, mkwe. Nikamjibu tuko njiani. Na wallahi tulikuwa njiani, katikati kabisa ya njia, hakuna siku nimekuwa njiani kama ile. Mzee akasikiliza kama kuna maji yanamwagika, halafu akasema wote husema hivyo, akakata.

Nikamgeukia Mbaruku. Machozi yalikuwa yanamlengalenga na hakuweza kuyafuta, maana mkono nao ulikuwa kwenye mkao.

*

Alasiri ikaingia ndipo akaja bwana wa Itifaki kutoka Wizara ya Matukio ya Ghafla. Suti nyeusi, tai, viatu vinavyolia. Alizunguka gari langu, akainama akatazama bampa, akainuka amekunja uso kama mtu aliyeletewa chai baridi.

"Hii ndiyo yenyewe?" akamuuliza Sajini. "Mheshimiwa Naibu Waziri atoke ofisini aje azindue mkwaruzo?"

Sajini akainamisha kichwa kwa aibu, na mimi pia, nisije nikaongopa, niliona haya kidogo. Mtu unapata ajali mara moja maishani, halafu inakuwa ndogo.

Bwana wa Itifaki akasema ajali hii lazima ipandishwe hadhi, lugha ya wizara ni maboresho. Akaitwa fundi na nyundo. Taa yangu ya pili ikapasuliwa ili zilingane. Mlango wa upande wangu ukang'olewa, ukalazwa barabarani kwa pembe nzuri. Niliposimama kulalamika, nikaambiwa niache ubinafsi, mlango ni wangu lakini ajali ni ya taifa. Walipoifikia rejeta nikafumba macho. Sudi yeye walimvunjia kioo kimoja tu, kwa kuwa lori lilikuwa limeegemea vizuri tayari.

Baada ya maboresho yakafuata mazingira. Mawe ya kandokando yakapakwa chokaa. Ile barabara ambayo tumeiombea viraka miaka nenda miaka rudi ikafagiliwa na kumwagiwa maji, na mashimo matatu makubwa yakafukiwa, kisha likatandikwa zulia jekundu, refu, kutoka mahali mheshimiwa atakaposhukia mpaka kwenye bampa langu. Utepe ukafungwa kutoka kwenye pua ya gari langu mpaka kwenye mkia wa lori. Ngoma ikaja. Diwani akaja na wazee wa chama.

Wageni wakataka kukaa, na hapo pakawa na ubishi wa kisheria. Viti vilikuwepo tele, vimetapakaa, lakini vyote vilikuwa vielelezo. Sajini akatoa uamuzi kwamba kiti kisisogezwe, ila hakuna kifungu kinachokataza kukikalia kilipo. Basi wageni wakakaa viti vilipoangukia. Wengine walitazamana, wengine walipeana migongo, na diwani, kwa kuwa alichelewa, akapata kile cha mtaroni. Alikaa hukohuko na heshima zake zote, tunaona kofia tu.

Nikapewa risala niisome kwa niaba ya washiriki. Nilikataa, bwana wa Itifaki akasema basi atasoma bwana harusi, nikaona bora mimi. Tulifanya mazoezi. Karatasi ilisema sisi wananchi tunayo furaha kubwa kwa ajali hii, ambayo tumeisubiri tangu uhuru. Ikasema changamoto zetu ni upungufu wa dawa ya kuogeshea na wingi wa kupe. Nikamwambia bwana mkubwa, mbona hii ni risala ya josho la ng'ombe. Akasema ndiyo, josho halikupata mgeni rasmi, na risala nzuri haitupwi.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Nilikuwa namtazama Mbaruku na mguu wake ndani ya chaki. Hasira zilinipanda nikataka kumtoa pale kwa nguvu, nikamwambia kwa macho, kimbia. Akatikisa kichwa. Alijua wakimkamata atalala ndani, na Tabia atapandishwa basi la bara kesho asubuhi.

*

Ving'ora vikasikika.

Kwetu msafara wa kiongozi hauendi polepole, kwenda polepole ni kumkosea heshima. Pikipiki zikapita kama risasi, zikaingia kipilefti, zikatoka upande wa pili, na zilivyokuwa na kasi hazikuonekana tena siku ile. Nyuma yake likaja gari la Mheshimiwa Naibu Waziri wa Matukio ya Ghafla, dirisha wazi, mkono nje, anatupungia. Ngoma ikalia. Dereva wake akaona zulia, akashika breki.

Sasa zulia jipya juu ya barabara iliyomwagiwa maji, nadhani mnajua. Gari halikusimama. Liliteleza na zulia lake, tena kwa madaha, Mheshimiwa bado anapunga, likaja kuukita mkia wa gari langu, ambao ndio upande pekee uliokuwa umebaki mzima. Gari langu likalisukuma lori. Utepe ukakatika wenyewe.

Wazee wa chama wakapiga makofi, wakidhani ndiyo uzinduzi.

Mheshimiwa akatoa kichwa dirishani. Kwenye paji la uso nundu ilikuwa inachomoza, nyekundu, inakua huku tunaitazama, mpaka ikafikia ukubwa wa limau. Vinginevyo alikuwa mzima. Akafungua kinywa amkaripie dereva, ila Sajini Mgeta akapuliza filimbi na kumwomba kwa adabu zote abaki na mkao wake, mkono juu.

"Sajini," Mheshimiwa akasema, "unajua mimi ni nani?"

"Najua, mheshimiwa. Ndiyo maana nimekuzungushia chaki ya rangi."

Na kweli, alikuwa ameshauchora mlango pale kwenye kiwiko, kwa chaki ya buluu, ambayo ni ya viongozi tu. Mheshimiwa akasema haya, basi atazindua zote mbili kwa pamoja amalize. Bwana wa Itifaki akakohoa. Akaeleza kwa huzuni kwamba naibu waziri huzindua ajali za wananchi. Ajali ya naibu waziri mwenyewe huzinduliwa na Waziri, na Waziri yuko ng'ambo kwenye mkutano wa usalama wa barabara, na kutoka hapo anapitiliza kwenye matibabu ya uchovu wa mkutano. Mwezi ujao, labda katikati. Kifungu kile, alikumbusha, kilipendekezwa bungeni na Mheshimiwa mwenyewe, na kilipigiwa meza kwa muda mrefu.

Mheshimiwa akakaa na mkono wake juu. Mwanzoni alipunga kama kiongozi. Baadaye ukawa unatikisika tu, kama wa mtu anayesimamisha basi lisilosimama. Inzi akaja kutua kwenye nundu na hakuweza kumfukuza. Mbaruku, mguu wake mmoja nje, akamgeukia na kumwambia kwamba ukiegemeza uzito upande wa kushoto maumivu hupungua. Mheshimiwa akajaribu, akamshukuru.

Nadhani hapo ndipo akili ya uongozi ilipofanya kazi. Akamwita mwandishi wa redio ya taifa asogee. Akajikohoza, akatoa tamko.

"Nimefika hapa na nimejionea kwa macho yangu," alisema. "Napenda kuwahakikishia wananchi kwamba hakuna ajali iliyotokea. Nchi ni salama. Atakayesema kuna ajali atakuwa anaeneza uzushi, na vyombo vitamshughulikia."

Makofi. Nikanyoosha mkono nikauliza, na ile ya mwanzo je, ya kwangu na lori.

"Hiyo pia haijatokea."

Sajini Mgeta akafikiri, akafikiri tena, kisha akatoa kitambaa akaanza kufuta chaki. Alianza na kiatu cha Mbaruku.

*

Tukawa watu huru. Shida ni kwamba gari langu, ambalo halikupata ajali, halikuwaka, kwa kuwa rejeta yake ilikuwa barabarani. Liko palepale mpaka leo, salama salimini kwa mujibu wa tamko. Gari la Mheshimiwa nalo lilikuwa zima kiserikali, ila magurudumu ya mbele yalitazama njia mbili tofauti. Pikipiki zake zimekwishafika mkoa mwingine. Wageni walikuja kwa miguu wakaondoka kwa miguu. Gari lililokuwa linatembea ni lori la Sudi tu.

Sudi akasema, haya, bwana harusi mbele, wengine nyuma. Bwana wa Itifaki akapinga, akasema kiti cha mbele ni cha kiongozi. Sudi akamjibu kwamba lori ni lake na harusi ni ya kijana, na anayetaka itifaki abaki nayo hapo. Ikabaki. Mheshimiwa akapanda nyuma pamoja na mimi, akakaa kwenye kiti cha plastiki, ameshika turubai lisipeperuke. Sajini akapanda kumlinda. Njia nzima niliomba dua jua lisitue, na Sudi, Mungu ampe maisha marefu, aliendesha kana kwamba ni yeye anayeoa.

Tulipofika kwa Mzee Feruzi, mwadhini alikuwa ameshawasha kipaza sauti anakohoa, kile kikohozi cha kujiandaa. Mzee amesimama getini, mkono kwenye komeo. Aliliona lori, akamwona Mbaruku anaruka na joho lake limejaa vumbi, akatuacha tuingie.

Katika nyumba ile mgeni hutiwa kitu mdomoni kabla hajaulizwa jina. Mheshimiwa akapewa kahawa na halua, Sajini akapewa sahani ya sambusa. Mbaruku hakupewa kitu. Aliwekwa chini mbele ya mzee, kadhi pembeni na begi lake la safari magotini, na nyuma ya pazia nikaona vidole vya miguu vya Tabia, vimepakwa hina, havitulii.

"Nini kimekuchelewesha?" mzee akauliza.

Nikawahi. Nikasema foleni, mzee, siku hizi foleni imekuwa balaa.

"Mkwe, sijakuuliza wewe."

Mheshimiwa aliacha kutafuna, akamkazia Mbaruku macho. Sajini alikuwa ameketi karibu kabisa na mlango, pingu kiunoni. Nilimwona mwanangu anafungua kinywa, na mimi nikaanza kulia kabla hata hajasema.

"Tumepata ajali, baba," Mbaruku akasema. "Shangazi aligonga lori kwa nyuma akiwa ananiweka sawa kofia. Halafu huyu bwana akaja akatugonga sisi."

Mzee akamgeukia Mheshimiwa, akamuuliza kama ni kweli.

"Hakuna ajali iliyotokea," Mheshimiwa akajibu.

"Na hiyo nundu?"

Mheshimiwa akaigusa kidogo, akashtuka kwa maumivu, akajikaza. "Nimezaliwa nayo."

Mzee Feruzi akaitazama nundu ile kwa muda, kama alivyokuwa akiitazama mizani sokoni. Kisha akamgeukia Sajini, akamuuliza yeye kama askari amesikia nini. Sajini Mgeta akameza, akajifuta mafuta mdomoni, akaangalia sahani yake.

"Sijasikia kitu, mzee," akasema. "Nilikuwa natafuna."

Nyuma ya pazia mtu akacheka, akajiziba mdomo. Mzee akamwambia kadhi afungue kitabu chake, haraka, kabla ya adhana. Kadhi akahesabu watu kwa macho, akasema shahidi mmoja yupo, kaka wa Tabia, lakini wa pili alichoka kusubiri akaondoka, na bila mashahidi wawili ndoa haifungiki.

Mheshimiwa akasimama. Hata mimi nilimwonea fahari, jinsi alivyojinyoosha suti, akafunga kifungo, akaweka sawa tai, akaingia katikati ya ukumbi kama mtu aliyezaliwa kwa ajili ya shughuli hiyo. Akasema yuko tayari, na itakuwa heshima kwake.

"Wewe kaa, mheshimiwa, umalizie halua yako," Mzee Feruzi akamwambia kwa upole. "Hapa tunataka shahidi."

Akaitwa Sudi, dereva wa lori.